Wafagiaji wa Amsterdam na Magari ya Moshi ya Westerbork

(Haya ni maneno ya hotuba aliyoisema mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama wa tawi.)



Katibu aliniomba niseme juu ya jambo lo lote la historia ya wafanya kazi. Najua wengine mlitazamia habari ya mishahara na nyumba, na hayo yana siku yake. Leo nitasema juu ya nchi ya Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, jinsi serikali ya Wajerumani ilivyowakamata Wayahudi wa nchi ile na kuwapeleka kuuawa, na jinsi wafanya kazi wengine walivyosimama kulipinga jambo hilo, na wengine hawakusimama. Nimelichagua kwa sababu moja. Watu wale hawakupelekwa kwa miguu. Walipelekwa kwa reli. Waliotia makaa, walioendesha, waliopeperusha bendera ya kijani, walikuwa watu wa kazi kama yangu, wenye mke na watoto na kodi ya nyumba ya kulipa. Nilipokwisha kulisoma jambo hili sikuweza kuliacha, na nimeona si vizuri nikae nalo peke yangu.

Lakini kwanza niondoe kisiki kimoja njiani. Nimesikia watu wakisema kwamba Myahudi maana yake ni tajiri, mtu wa benki. Amsterdam haikuwa hivyo. Kabla ya vita walikuwako Wayahudi kama 140,000 katika Uholanzi, zaidi ya nusu yao wakikaa Amsterdam, na wengi walikuwa watu wa chini kabisa: wachuuzi wenye mikokoteni, washona nguo, watengeneza sigara, na hasa wakata almasi. Hao wakata almasi, Wayahudi na Wakristo pamoja, walianzisha chama chao cha wafanya kazi mwaka 1894, na kiongozi wao alikuwa Henri Polak, Myahudi, mkata almasi mwenyewe. Chama kile kilikuwa na ada kubwa kila juma, mfuko wa mgomo uliojaa, makarani wanaolipwa na maktaba ya wanachama. Vyama vingine vya Uholanzi vilijifunza kazi kutoka kwao. Mwaka 1911 walipata siku ya kazi ya saa nane, wakati wenzao wengi wa Ulaya walikuwa bado wanafanya saa kumi na zaidi. Kwa hiyo tunapotaja Wayahudi wa Amsterdam, ndugu zangu, tunataja pia wazee wa kazi hii ya vyama. Henri Polak alikamatwa na Wajerumani mwaka 1940, naye akafa Februari 1943.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Wajerumani waliingia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Malkia na mawaziri walikimbilia London. Tarehe 14 Mei ndege za Wajerumani zilichoma moto katikati ya mji wa Rotterdam, na nchi ikasalimu amri. Hitler akampeleka mtu mmoja wa Austria aitwaye Seyss-Inquart awe mtawala. Mtu huyu hakuanza kwa ukali. Alisema kwa upole, akawaacha makarani wa serikali katika viti vyao, akaacha polisi na mahakama na reli viendelee kama kawaida. Watu wengi wakasema, kumbe si wabaya kama tulivyosikia.

Hapo ndipo pa kuangalia sana, maana kazi mbaya ilifanywa kwa karatasi, polepole. Julai 1940 shirikisho kubwa la vyama vya wafanya kazi liliwekwa chini ya Mholanzi mmoja mfuasi wa Hitler. Viongozi wengi walibaki katika ofisi zao, wakafikiri heri kulinda mfuko wa chama na mali yake. Mwaka uliofuata, vyama vya Wakatoliki na Waprotestanti vilipotiwa chini ya mtu huyo huyo, viongozi wao waliacha kazi na wanachama wakatoka kwa maelfu, likabaki jina na meza. Naona hawa wa pili walifanya vizuri zaidi, ingawa najua wako kati yetu watakaosema mwingine angekuja kukaa kwenye kiti na kula mfuko.

Oktoba 1940 kila mtu aliyeajiriwa na serikali alipewa karatasi ajaze kama yeye, mkewe, wazazi wake na babu zake ni Wayahudi au sivyo. Karibu wote walitia sahihi. Ilikuwa karatasi tu! Mwezi uliofuata, waliojaza kuwa ni Wayahudi walisimamishwa kazi, mwalimu, karani wa posta, hata mkuu wa mahakama ya juu. Katika chuo cha Leiden profesa mmoja wa sheria, Cleveringa, alisimama mbele ya wanafunzi akasema wazi kuwa kumfukuza mwalimu mwenzake Myahudi ni uovu. Wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa, naye akatiwa jela. Januari 1941 ikatolewa amri Wayahudi wote waende kujiandikisha, nao wakaenda, kwa kuwa Waholanzi ni watu waliozoea kuandikishwa. Baadaye kadi zao zikapigwa herufi kubwa ya J. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni katika kikopo cha chuma wanaelewa maneno haya bila mimi kuyafafanua. Sisemi kipande chetu kilikuwa sawa na kile. Chetu kilikuwa cha kumfunga mtu kwenye kazi, na kile kilikuwa cha kumwua. Lakini mtu akishaandikwa, ni rahisi kumpata usiku.

Februari 1941 mambo yalichafuka. Vijana wa Kiholanzi waliovaa sare nyeusi, wafuasi wa Hitler, walianza kuingia mtaa wa Wayahudi, kuvunja madirisha na kupiga wazee. Vijana wa Kiyahudi, wengine mabondia, wakajipanga kupigana nao, na wafanya kazi wa mitaa ya jirani wakaja kuwasaidia. Katika mapigano ya tarehe 11 Februari mmoja wa hao wenye sare aliumizwa, akafa siku chache baadaye. Wajerumani wakauzungushia mtaa seng'enge. Tarehe 22 na 23, Jumamosi na Jumapili, askari wa Kijerumani waliingia wakawakamata vijana wa kiume zaidi ya 400, mchana, watu wakitazama. Waliwachuchumaza uwanjani mikono mbele, wakawapiga, wakawatupa katika malori. Vijana wale walipelekwa makambi ya Buchenwald na Mauthausen, na karibu wote walikufa.

Sasa tazameni ni nani aliyesimama. Askofu hakuanza, wala profesa, wala kiongozi wa chama mwenye ofisi. Walikuwa wawili wa manispaa: Willem Kraan, mtengeneza barabara, na Piet Nak, mfagiaji. Wote wawili walikuwa katika chama cha Kikomunisti, ambacho kilikuwa kimepigwa marufuku. Nak na Kraan walizunguka kwa wenzao, na Jumatatu jioni, tarehe 24, wafanya kazi wa mji kama 250 walikutana uwanja wa Noordermarkt, nje, penye baridi. Wakakubaliana: kesho hakuna kazi. Usiku ule ule ikapigwa chapa karatasi ya kuwaita watu wote wagome kwa ajili ya Wayahudi, nayo ilipigwa kwa stensili na mashine ya mkono kama hili gazeti letu. Mnaocheka wino wetu kwamba unachafua vidole, kumbukeni hiyo.

Asubuhi ya tarehe 25 Februari 1941 walikwenda kwenye shedi za tramu kabla ya alfajiri, wakasema na madereva. Tramu hazikutoka. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa maana mji unaoamka bila tramu unajua mara moja kuna jambo, hata yule ambaye hakupata karatasi. Makuli wa bandari wakaweka chini ndoano zao. Karakana za meli zikafungwa. Wao walikuwa wameonja nguvu zao wiki iliyotangulia, walipogoma kukataa wenzao kupelekwa kazi Ujerumani kwa nguvu, na amri ikaondolewa. Wanawake wa viwanda vya nguo wakatoka, makarani wakatoka, maduka yakafungwa. Inakisiwa watu 300,000 waligoma. Siku ya pili mgomo ukaenea mpaka Zaandam, Haarlem, Hilversum na Utrecht.

Angalieni madai yao. Hawakudai nyongeza hata senti moja. Walidai vijana wa jirani zao warudishwe.

Wajerumani walishikwa na mshangao siku ya kwanza, maana hawakuwa wameona jambo kama lile katika nchi yo yote waliyoiteka. Siku ya pili wakaleta askari, wakapiga risasi njiani na kutupa mabomu ya mkono. Watu 9 walikufa na wengi waliumia. Wafanya kazi wa manispaa walitishiwa kufukuzwa. Tarehe 27 kazi ilirudi. Mji wa Amsterdam ulitozwa faini ya guldeni milioni 15. Tarehe 13 Machi watu 18 walipigwa risasi kwenye vilima vya mchanga karibu na The Hague, na 3 kati yao walikuwa wagomaji. Kraan alikamatwa mwezi Novemba mwaka ule, akauawa Novemba 1942. Nak alikamatwa na kuteswa, lakini alipona.

Najua swali lililo mioyoni mwenu, kwa kuwa nami nililiuliza: walipata nini? Vijana hawakurudi. Ukihesabu kama tunavyohesabu mgomo wa mshahara, walishindwa. Mimi nahesabu vingine. Mpaka siku ile Seyss-Inquart alikuwa akitumaini kuwavuta Waholanzi kwa upole wawe wake. Baada ya siku zile mbili hakuweza tena kujidanganya, wala Waholanzi hawakuweza kusema hawakuona. Na Wayahudi wengi waliopona wameandika baadaye kwamba kwa siku mbili walijua hawako peke yao. Sijui bei ya kitu kama hicho. Lakini ikiwa mgomo ule ulikuwa na upungufu, naona upungufu wake ulikuwa mmoja: siku zile mbili magari ya moshi yalitembea.

Sasa nasema juu yetu, watu wa reli.

Mwaka 1942 Wayahudi walishonewa nyota ya manjano kifuani, wakakatazwa baiskeli, tramu na magari ya moshi. Halafu Julai wakaanza kupelekwa kwa magari hayo hayo waliyokatazwa. Pahali pa kuwakusanyia palikuwa kambi ya Westerbork, kaskazini mashariki, katika nyika yenye upepo. Kambi hii ilijengwa na serikali ya Uholanzi yenyewe mwaka 1939 ili kuwaweka Wayahudi waliokimbia Ujerumani, na Wayahudi wa Uholanzi ndio waliotozwa gharama zake. Mwanzo haikuwa na reli. Watu walishuka kituo cha Hooghalen, wakatembea kilomita 5 na mizigo na watoto na wazee. Wajerumani wakataka njia ya reli iingie mpaka ndani ya kambi, na kampuni ya reli ya Uholanzi ikaijenga; ikawa tayari Novemba 1942. Fikirini genge la reli, nyapara na vibarua wake, wanalaza mataruma na kukaza skrubu na kupima upana, kazi safi, mpaka mbele ya vibanda vile.

Toka hapo treni ilikwenda karibu kila juma, mara nyingi Jumanne. Usiku wa kuamkia Jumanne majina yalisomwa katika vibanda. Asubuhi watu kama 1,000 waliingizwa katika mabehewa, mwanzo ya abiria na baadaye ya mizigo, pipa moja la maji na pipa moja la choo, mlango ukafungwa kwa nje. Dereva Mholanzi na gadi Mholanzi waliipeleka kupita Assen na Groningen mpaka Nieuweschans mpakani, na hapo Wajerumani wakaipokea. Ilifika Auschwitz au Sobibor katika Poland baada ya siku mbili au tatu. Kutoka Machi hata Julai 1943 treni 19 zilikwenda Sobibor na watu zaidi ya 34,000; waliopona ni 18. Kwa jumla walichukuliwa Wayahudi 107,000 kutoka Uholanzi, wakarudi kama 5,000. Katika kila Wayahudi wanne wa Uholanzi, watatu waliuawa. Ni hesabu mbaya kuliko ya Ubelgiji, mbaya sana kuliko ya Ufaransa, na hizo ni nchi za jirani zilizotekwa na Wajerumani wale wale. Sababu ni nyingi, nami nitataja mbili tu: daftari za majina zilizotunzwa vizuri, na reli iliyofika kwa wakati.

Kampuni ilidai nauli. Iliandika hati ya madai, abiria kadha, kilomita kadha, na Wajerumani wakalipa, kwa fedha walizowanyang'anya Wayahudi wenyewe. Na tramu za Amsterdam, zile zile zilizosimama Februari 1941, mwaka 1942 zilitembea usiku kuwapeleka Wayahudi stesheni, nazo vilevile zikadai nauli. Hili linaniuma kuliko la reli. Nimejiuliza mara nyingi dereva aliyegoma mwaka 1941 alifikiri nini usiku ule mwaka 1942, na mkono wake juu ya breki.

Wakubwa wa reli walisema tangu 1940: tukikataa, Wajerumani wataleta watu wao, watatutoa, na chakula hakitafika mijini. Walifanya mapatano kwamba watatii amri zote ikiwa wataachiwa usimamizi. Hoja hii haikuwa ya kipumbavu. Nchi ile ilikula viazi vilivyoletwa kwa reli. Lakini tazameni ilivyokwenda: kila mwezi waliulizwa jambo gumu zaidi kidogo, na kila mwezi jibu lilikuwa lile lile, maana lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Na wafanya kazi je? Hapa lazima mjue jambo la zamani. Januari 1903 watu wa reli wa Uholanzi waligoma kwa ajili ya makuli wa bandari, wakikataa kugusa mizigo ya matajiri waliokuwa na mgogoro na makuli. Walishinda kwa siku chache. Serikali ikaogopa, ikatunga sheria ya kukataza mgomo katika reli na kazi za serikali, na ule mgomo wa Aprili wa kuipinga sheria ukavunjika. Wengi walifukuzwa, hawakuandikwa tena. Baba aliwaambia wanawe: reli haigomi. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1903 alikuwa mzee wa karakana mwaka 1942. Sisi tuliozoea kuambiwa kwamba kazi yetu ni ya lazima kwa umma, kwa hiyo midomo ifungwe, tunalijua fundisho hilo. Nalisema ili mwelewe. Silisemi ili niwatoe katika hukumu, kwa sababu hakuna hata treni moja ya Westerbork iliyozuiwa na watu wa reli.

Kwamba iliwezekana, nchi ya jirani ilionyesha. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1943, katika Ubelgiji, treni yenye Wayahudi zaidi ya 1,600 ilitoka Mechelen kwenda Auschwitz. Karibu na Boortmeerbeek dereva aliona taa nyekundu relini. Ndugu zangu wa reli, mnajua taa nyekundu, haijadiliwi. Akafunga breki. Taa ile ilikuwa ya mkono, ya kawaida, iliyozungushiwa karatasi nyekundu na vijana watatu waliosoma shule moja: Youra Livchitz, aliyekuwa daktari, Robert Maistriau na Jean Franklemon. Walikuwa na bastola moja kati yao, na koleo. Maistriau alikata waya wa behewa moja akafungua mlango, akawapa watu 17 fedha kidogo, akawaambia wakimbie. Askari wakafyatua bunduki, vijana wakaondoka. Lakini ndani ya mabehewa mengine watu nao walikuwa na vyombo vyao vya kukatia, wakaendelea kuruka njia nzima, zaidi ya 200, na zaidi ya 100 wakaokoka kabisa. Livchitz alipigwa risasi Februari 1944. Maistriau alipelekwa kambini, akapona, na baada ya vita alikwenda Kongo, akakaa huko miaka mingi. Pengine wako wazee wa upande ule waliomjua bila kujua habari hii.

Amsterdam kwenyewe walikuwako watu waliofanya kazi kwa siri. Katika Uholanzi nzima Wayahudi zaidi ya 25,000 walifichwa, na kama 16,000 kati yao walipona. Mbele ya jumba la michezo walimofungiwa Wayahudi palikuwa nyumba ya kulelea watoto, iliyosimamiwa na Henriëtte Pimentel. Yeye na Walter Süskind waliyafuta majina ya watoto katika daftari, na mwalimu Johan van Hulst wa chuo cha jirani akawapitishia uani kwake. Watoto kama 600 waliokolewa. Wengine walitolewa kwa mlango wa mbele, tena kwa msaada wa tramu! Askari walisimama upande wa pili wa njia. Tramu ilipopita ikawaziba macho, na msichana aliyebeba mtoto akatoka mbio akapanda kwenye kituo kilichofuata. Waliokuwa ndani ya tramu waliona, wakanyamaza. Pimentel aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Süskind naye hakurudi.

Basi reli ikagoma lini? Tarehe 17 Septemba 1944. Majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalikuwa yanaingia Uholanzi kusini, na serikali iliyokuwa London ikatoa amri kwa redio, kwa maneno ya fumbo, kwamba reli isimame. Watu 30,000 waliacha kazi wakajificha. Mgomo ule haukuvunjika. Ulidumu mpaka vita vikaisha Mei 1945. Mishahara yao ililetwa nyumbani kwa siri kutoka mfuko uliosimamiwa na mtu wa benki, Walraven van Hall, aliyeidanganya Benki Kuu kwa hati za bandia akatoa mamilioni. Wajerumani walimpiga risasi Februari 1945. Adhabu ilikuwa kali. Wajerumani walizuia chakula majuma kadha, na baridi ile watu kama 20,000 walikufa kwa njaa katika miji ya magharibi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba watu wa reli wa Uholanzi walikuwa waoga. Walivumilia miezi minane.

Lakini treni kubwa ya mwisho kutoka Westerbork kwenda Auschwitz ilikuwa imeondoka tarehe 3 Septemba, na ya mwisho kabisa, kwenda Bergen-Belsen, tarehe 13. Siku nne kabla ya mgomo. Mikono ile ile iliyoweza kusimamisha kila kitu kwa miezi minane ilikuwa na nguvu hiyo hiyo mwaka 1942. Mwaka 1944 waliambiwa na waziri. Mwaka 1941 wafagiaji hawakuambiwa na mtu.

Baada ya vita mgomo wa 1944 ulisifiwa sana, na habari ya Westerbork haikusemwa kwa sauti. Amsterdam waliweka sanamu ya kuli wa bandari, mtu mnene mwenye mikono mitupu, kwenye uwanja ule walipochuchumazwa vijana. Ilifunuliwa mwaka 1952, na kila tarehe 25 Februari watu hukusanyika hapo. Kampuni ya reli iliomba radhi hadharani mwaka 2005. Mzee mmoja, Salo Muller, ambaye zamani alikuwa mkandaji wa timu ya mpira ya Ajax, hakutosheka na maneno. Wazazi wake walichukuliwa wakauawa Auschwitz, naye akafichwa akiwa mtoto. Aliifuata kampuni kwa barua na mikutano kwa muda mrefu, mpaka ikakubali kulipa: euro 15,000 kwa kila aliyepona, na kiasi pungufu kwa wajane na watoto wa waliokufa. Malipo yalipoanza mwaka 2019 ilikuwa imepita miaka 77 tangu treni ya kwanza, na waliobaki wa kupokea walikuwa wachache.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Bwana Mwenyekiti. Ndugu yule wa karakana ameinua mkono tangu niliposema habari ya 1903. Naomba aanze yeye.